Mzigo, Misuli na Mafuta ya Mwili: Somo la Mazoezi ya Kunyanyua Uzito kutoka Njia ya Misafara ya Tabora

Utangulizi

Kabla ya Reli ya Kati kufika Tabora mwaka 1912, sehemu kubwa ya bidhaa zilizopita kati ya pwani na Ziwa Tanganyika zilibebwa na binadamu. Njia ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, kisha ikaendelea kupitia Uvinza hadi Ujiji. Urefu wake wote ulikuwa takriban kilomita 1,200. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliosifika sana katika kazi hiyo, walibeba mabegani mizigo ya takriban frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, pamoja na vyungu, mikeka na akiba yao ya chakula.

Hali ya leo ni nyingine. Bodaboda humfikisha mkazi wa Tabora sokoni, na mashine husaga nafaka iliyokuwa ikitwangwa kwa mchi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria hatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, uliofanyika mwaka 2012 kwa Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kuwa takriban asilimia 9 walikuwa na kiwango cha juu cha sukari katika damu, na takriban robo walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia.

Mgonjwa anayefika kliniki akiwa na hali hizo kwa kawaida huambiwa mambo mawili: apunguze chakula na atembee. Ushauri huo ni sahihi, lakini una pengo. Haugusi misuli, ambayo ndiyo kiungo kikubwa kinachotumia sukari mwilini, na ambayo humwezesha mzee kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Makala haya yanaeleza jinsi kunyanyua uzito kunavyoathiri mafuta, misuli na umetaboli, na jinsi mgonjwa asiye na vifaa vya gharama anavyoweza kuanza kwa usalama.

Misuli ni ghala na ni tanuri

Misuli iliyoshikamana na mifupa huchukua kati ya theluthi moja na mbili ya tano ya uzito wa mtu mzima mwenye afya. Kazi yake inayoonekana ni kusogeza viungo. Kazi yake isiyoonekana ni kupokea glukosi. Mtu anapomaliza kula ugali, sukari hupanda katika damu, kongosho hutoa insulini, na insulini huamuru seli zipokee sukari hiyo. Sehemu kubwa ya sukari inayoingizwa kwenye seli kwa amri ya insulini huenda kwenye misuli. Huko hutumika papo hapo au huhifadhiwa kama glikojeni.

Katika kisukari aina ya 2, amri ya insulini husikika kwa shida. Mlango upo, lakini mpiga hodi hasikiki vizuri. Hapo ndipo mazoezi yanapoleta faida ya pekee. Msuli unapojikunja kwa nguvu, protini iitwayo GLUT4 husogea hadi kwenye utando wa seli na kuruhusu glukosi iingie hata pale insulini inaposhindwa kufanya kazi yake kikamilifu. Baada ya zoezi, msuli huendelea kuisikia insulini vizuri zaidi kwa takriban siku moja hadi mbili. Ndiyo sababu mazoezi yanayorudiwa kila baada ya siku chache huzidi kwa manufaa zoezi moja kubwa la mara moja kwa mwezi.

Nchini Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulihusisha watu 251 wenye kisukari aina ya 2, wenye umri wa miaka 39 hadi 70. Walipimwa HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu. Ikilinganishwa na kundi lisilofanya mazoezi, waliofanya mazoezi ya pumzi kama kutembea kwa kasi walishusha kipimo hicho kwa pointi 0.51 za asilimia, na walionyanyua uzito kwa pointi 0.38. Waliounganisha aina zote mbili walipata nafuu kubwa kuliko kundi lolote kati ya hayo, ingawa nao walitumia muda mrefu zaidi katika mazoezi. Kutembea na kunyanyua, basi, ni ndugu wawili wanaosaidiana.

Je, kunyanyua uzito huchoma mafuta?

Hapa mhudumu wa afya anapaswa kusema kweli, kwa kuwa ahadi kubwa humkatisha mgonjwa tamaa baada ya mwezi mmoja.

Yapo maelezo yaliyoenea kwamba misuli mipya huchoma nishati nyingi hata mtu akiwa amelala. Kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia takriban kilokalori 13 kwa siku, na kilo moja ya mafuta hutumia kama 4 na nusu. Mtu akiongeza kilo mbili za misuli, jambo linalohitaji miezi ya jitihada, matumizi yake ya nishati akiwa amepumzika huongezeka kwa takriban kilokalori 26 kwa siku. Kiasi hicho hulingana na kijiko kimoja na nusu cha chai cha sukari. Mtu anayeweka vijiko vitatu katika kikombe chake cha asubuhi ameshakipita.

Nishati inayotumika wakati wa zoezi lenyewe nayo ni ya wastani. Mtu wa kilo 70 akinyanyua uzito kwa nusu saa hutumia takriban kilokalori 120, ilhali kilo moja ya mafuta ya mwili imehifadhi takriban 7,700. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 na watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, ulijumuisha tafiti 58 za watu wazima wenye afya. Ulionyesha kuwa mazoezi ya uzito peke yake hupunguza asilimia ya mafuta mwilini kwa takriban pointi 1.5, na uzito wa mafuta yenyewe kwa takriban nusu kilo. Mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo, ambayo ni hatari zaidi kwa moyo na sukari, pia yalipungua. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ni ndogo kuliko watu wengi wanavyoitarajia.

Ushahidi mwingine umetoka Tanzania yenyewe. Mwaka 2012, watafiti walichapisha vipimo vya nishati vya Wahadza 30 wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kwa kuwinda na kukusanya mizizi, matunda na asali. Wanaume walitembea takriban kilomita 11 kwa siku, na wanawake takriban 6. Hata hivyo, baada ya kuzingatia ukubwa wa miili yao, jumla ya nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya wakazi wa nchi tajiri wanaoketi ofisini. Mwili unaofanya kazi nyingi hujifunza kubana matumizi kwingineko. Kwa hiyo, kupunguza mafuta huanzia zaidi kwenye sahani, na mazoezi huja kulinda kile ambacho mgonjwa hapaswi kukipoteza.

Kinachopotea pamoja na mafuta

Achukuliwe mgonjwa wa mfano: mama wa miaka 58, mwenye kilo 82, aliyeambiwa apunguze uzito. Anapunguza chakula kwa bidii na baada ya miezi sita mizani inasoma kilo 74. Ndugu wanampongeza. Lakini mtu anapopungua kwa kupunguza chakula peke yake, takriban robo ya uzito unaopotea kwa kawaida si mafuta. Ni tishu nyingine, misuli ikiwa miongoni mwake. Katika kilo nane alizopoteza mama huyu, kilo mbili hivi zinaweza kuwa za tishu hizo. Mizani haiwezi kuzitenganisha. Uzito ukirudi baadaye, mara nyingi hurudi zaidi kama mafuta, na mama huyo hubaki na kilo zilezile za awali huku nguvu zake zikiwa zimepungua.

Umri huongeza uzito wa hoja hii. Baada ya miaka 30 misuli huanza kupungua polepole, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Mzee aliyepungukiwa misuli huanguka kwa urahisi, na anayevunjika nyonga mbali na huduma ya upasuaji wa mifupa anaweza asisimame tena. Mara nyingi familia husema kwamba ni uzee tu. Sehemu ya uzee huo, hata hivyo, hutibika.

Mwaka 1990, watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya mazoezi ya uzito kwa wakazi dhaifu wa makao ya wazee waliokuwa na umri wa miaka 90 hivi. Walifanya mazoezi ya miguu kwa wiki nane. Nguvu za waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na eneo la misuli ya paja likakua kwa asilimia 9. Tofauti kati ya takwimu hizo mbili ina somo lake. Katika wiki za mwanzo, nguvu huongezeka zaidi kwa sababu ubongo na neva hujifunza kuita nyuzi nyingi za misuli kwa pamoja. Misuli yenyewe hukua baadaye na kwa kiasi kidogo. Mgonjwa asiyeona mkono ukinenepa baada ya mwezi mmoja asidhani kwamba amepoteza muda wake.

Kwa nini kubeba ndoo hakutoshi

Wanawake wengi wa vijijini huuliza swali la haki: anayebeba ndoo ya lita 20 kila siku anahitaji mazoezi gani tena?

Jibu limo katika jinsi mwili unavyozoea. Mwaka 1986, jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya kwa wanawake wa Kijaluo, wanaobeba mizigo kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kuongeza matumizi ya nishati katika kutembea. Mwendo wao ulikuwa umejirekebisha kwa miaka mingi hata mzigo huo ukawa kama haupo. Ni ustadi wa kustaajabisha, na ndio unaoeleza kwa nini mzigo wa kila siku usiobadilika huacha kujenga. Zaidi ya hayo, mzigo wa kichwani hubana shingo na uti wa mgongo huku misuli ya kifua na mikono ikipata kazi ndogo.

Ili misuli ijengeke, mambo matatu huhitajika: mzigo unaoongezeka hatua kwa hatua, chakula chenye protini, na mapumziko. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh katika Unyanyembe mwezi Novemba 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba tayari walibeba pembe ndogo za ndovu mabegani. Hatua ya kwanza, basi, ilijulikana Unyamwezini zamani: mzigo hukua pamoja na mbebaji. Lakini njiani, wapagazi wengi hawakupata mambo mawili yaliyobaki. Njaa, ndui, kuhara na uchovu viliua wengi. Mzigo uliotukuza sifa yao ndio pia uliowamaliza walipokosa chakula na siku ya kupumzika. Kwa sababu hiyo, jasho la lazima halipaswi kuchanganywa na mazoezi yaliyopangwa.

Mpango wa kuanzia

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya pumzi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa angalau siku mbili kwa wiki. Wenye miaka 65 na zaidi huongezewa mazoezi ya uwiano na nguvu, siku tatu au zaidi kwa wiki.

Dumu la maji ni kifaa kizuri kwa kazi hii, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mgonjwa anaweza kuanza na lita mbili katika dumu la lita tano, akaongeza lita moja kila anapoimarika. Mazoezi matano yafuatayo hugusa karibu misuli yote mikubwa:

1. Kuketi na kusimama kutoka kwenye kiti imara bila kutumia mikono. Anayemudu akumbatie dumu kifuani.
2. Kusukuma ukuta kwa viganja, mwili ukiwa umenyooka, kisha baadaye kusukuma meza imara au benchi.
3. Kuinama kidogo kutoka kwenye nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, na kuvuta dumu kuelekea kiunoni, mkono mmoja baada ya mwingine.
4. Kuinua dumu kutoka chini kwa kukunja magoti na nyonga, likiwa karibu na mwili.
5. Kusimama kwa vidole huku umeshikilia ukuta, na kushusha visigino taratibu.

Kila zoezi lirudiwe mara 8 hadi 12, kisha mtu apumzike dakika moja au mbili, na mzunguko urudiwe mara mbili au tatu. Uzito unaofaa ni ule unaofanya marudio mawili ya mwisho yawe magumu bila kuharibu mkao. Marudio 12 yakiwa mepesi, lita moja iongezwe. Pumzi itolewe wakati wa kunyanyua na kuvutwa wakati wa kushusha; kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu ghafla. Misuli ileile ipumzishwe siku moja kamili kabla ya kufanyishwa kazi tena.

Baadhi ya wanawake huhofia kupata mwili wa kiume. Hofu hiyo haina msingi, kwani mwanamke ana kiwango kidogo sana cha homoni ya testosteroni. Wengine hudhani mafuta hugeuka misuli, au kwamba zoezi la tumbo huondoa mafuta ya tumbo. Mafuta na misuli ni tishu mbili tofauti, na mwili hauchagui kupunguza mafuta mahali panapofanya kazi.

Chakula cha misuli

Mzee mwenye figo zenye afya anahitaji takriban gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60, kiasi hicho ni gramu 60 hadi 72. Vyakula vya Tabora hutosheleza: kikombe cha maharage yaliyopikwa kina takriban gramu 15, konzi ya karanga gramu 7, yai gramu 6, na gramu 30 za dagaa wakavu zaidi ya gramu 15. Ugali nao huchangia sehemu iliyobaki. Mwenye ugonjwa wa figo apate kwanza ushauri wa daktari kuhusu kiasi cha protini.

Asali ya Tabora ina sifa njema, lakini kwa mwenye kisukari ni sukari kama sukari nyingine. Michembe na matobolwa pia ni wanga, na kiasi chake kipimwe.

Tahadhari

Mazoezi yaahirishwe na mgonjwa aonwe kwanza na daktari ikiwa shinikizo la damu limefikia 180/110 au zaidi, ikiwa kuna maumivu ya kifua, kuzimia, ngiri inayouma, au kuvuja damu ndani ya jicho. Mwenye kidonda cha mguu au ganzi afanye mazoezi akiwa ameketi, na akague nyayo zake kila siku.

Anayetumia insulini, glibenklamidi au gliklazidi anaweza kushukiwa na sukari wakati wa zoezi au saa kadhaa baadaye. Kipimo kikiwa chini ya 5 mmol/L, ale kwanza chakula kidogo cha wanga. Akitetemeka, akitokwa jasho jingi au akichanganyikiwa, apewe mara moja vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari katika maji, au kijiko kikubwa cha asali, mradi anaweza kumeza. Akiwa amepoteza fahamu, asipewe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali haraka.

Namna ya kupima maendeleo

Mizani peke yake isitumike kutoa hukumu. Mhudumu wa afya apime pia mzunguko wa kiuno: sentimita 80 au zaidi kwa mwanamke, na 94 au zaidi kwa mwanamume, huashiria hatari iliyoongezeka. Pili, mgonjwa aketi na kusimama mara tano kwa haraka bila kutumia mikono. Akizidi sekunde 15, nguvu zake ni pungufu. Kipimo hiki huhitaji kiti na saa tu, na kinaweza kuandikwa kwenye kadi ya kliniki kila baada ya miezi mitatu.

Mgonjwa ambaye kilo zake hazijabadilika, lakini kiuno chake kimepungua na sasa anasimama kwa sekunde 11 badala ya 18, amepata mafanikio makubwa. Aambiwe hivyo waziwazi, kwa sababu akiitazama mizani tu anaweza kuacha mazoezi pale hasa yanapoanza kumfaa.

Muhtasari wa somo

Kunyanyua uzito hupunguza mafuta kwa kiasi kidogo, huongeza nguvu kwa kiasi kikubwa, na huisaidia misuli kupokea sukari. Chakula ndicho hupunguza kilo kwa sehemu kubwa, na mazoezi ya uzito huhakikisha kuwa kilo zinazoondoka ni za mafuta. Mzigo uwe mwepesi mwanzoni, uongezwe kidogo kidogo, na ufuatwe na chakula na mapumziko. Haba na haba hujaza kibaba, na lita moja ya maji inayoongezwa kila baada ya wiki chache yatosha kuwa mwanzo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini msuli unaofanya kazi unaweza kupokea glukosi hata insulini isipofanya kazi vizuri?
2. Mgonjwa amepungua kilo nane kwa kupunguza chakula tu. Ni vipimo gani viwili, mbali na mizani, vingeonyesha kama nguvu na afya yake zimeimarika?
3. Mama anayebeba ndoo ya lita 20 kila siku ashauriwe nini, na kwa sababu gani?